Vile kijiji kilikataa microwave nikaishia kuchimba fibre

Wakuu, mko poa? Hii ilinipata mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Niko kazi ya kupanga network ya simu. Tulikuwa tunajenga mnara kwa ridge moja juu ya Gatitu. Huko simu haishiki kabisa. Kuna mama alijifungulia kwa boda sababu hakuna mtu angeweza kuita ambulance.

Mnara lazima uungwe na town. Njia ni mbili: fibre, waya ya kupita chini ya mashamba, ama microwave, dish mbili zinaangaliana zikirushiana data hewani.

Wenye kahawa wote walikuwa wamekataa fibre ipite kwao. Nikachagua microwave.

Shida ilianza nikitaja hiyo jina kwa baraza.

Cucu Wanjiru, nyanya mwenye shamba kubwa kuliko wote, akasimama. "Microwave? Ati ile ya kupasha chakula?"

Nikaeleza hii ni ya data, haiwezi kupasha hata chai.

"Basi tupime," akasema.

Wakuu, kesho yake dish ikiwa bado chini kwa nyasi, nikapata sufuria ya githeri baridi, mahindi na maharagwe, imewekwa mbele yake. Kijiji yote imekaa kando kama wako matanga. Assistant chief ndiye anaangalia saa.

Na jua ilikuwa inachoma kama ile ya Nanyuki.

Saa nane Cucu akaingiza kidole kwa sufuria, akatoa haraka.

"Imeshika moto!"

Wamama wakapiga nduru. Mzee mmoja akavua kofia.

Nikasema, "Cucu, hii kitu haijawashwa! Stima yenyewe haijafika!"

Akaniangalia kwa huruma. "Kama inapika ikiwa imezimwa, ikiwashwa je?"

Wakuu, nimesoma hii maneno miaka mingi. Nikabeba dish nikairudisha kwa gari.

Jioni hiyo wale wote waliokataa fibre wakakuja na majembe. Cucu mwenyewe alipitisha mtaro katikati ya kahawa yake.

"Waya ni sawa," akaniambia. "Inalala chini kama mtu ako na adabu."

Mnara ukawaka. Dispensary sasa inaita ambulance.

Boss akauliza niliwashawishi aje. Nikasema nilifanya stakeholder engagement, yaani kukaa na wananchi na kuwasikiza. Akafurahi sana, akanituma Karatina nifundishe engineers wengine hiyo mbinu.

Funzo: ukichagua link ya kuunga mnara, pima umbali, pima milima, halafu pima maneno yako kabla ya baraza.

Wale mnafanya kazi site, nyinyi mmepatana na kisa gani? Na mnisaidie haraka, training ni Jumatatu na sijui nitawaambia nini.