Marwa Hakushtuka

Juzi nilimwona baba, ambaye sasa ni mzee, akiokota kokoto na kumrushia kaka yangu Marwa mgongoni. Ndivyo anavyomwita chakula kikiiva. Wageni walicheka. Mimi ilinijia harufu ya mvua ya kijijini kwetu Nyanungu, alasiri moja ya utotoni.

Alasiri ile Marwa alikuwa ametoka hospitali karibuni, amekondeshwa na homa ya uti wa mgongo. Radi ikapiga juu ya zizi. Ng'ombe wakakurupuka, sisi watoto tukajitupa chini ya kitanda, mama akaita jina la Yesu. Marwa alibaki amesimama mlangoni, ameipa mvua mgongo, anatafuna hindi la kuchoma na kututazama kama watu waliorukwa na akili.

"Mmemwona mwanamume?" baba alisema. "Huyu siku ya kutahiriwa hatapepesa jicho."

Nilimwonea wivu. Nilidhani hospitali walikuwa wamemdunga sindano ya ushujaa.

Mvua ilipokatika, Marwa akaenda kutazama ndama. Baba akamwita kwa sauti tamu aje anywe maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake yeye mwenyewe, heshima ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuipata. Akamwita tena. Marwa hakugeuka.

"Sifa zimempanda kichwani," baba akasema, akachukua fimbo ya ng'ombe.

Ilipotua mgongoni, Marwa aligeuka, macho yamemtoka, akapiga kelele: "Baba, mbona tangu nirudi mnanong'ona tu?"

Baba akamwongeza nyingine, kwa kosa la kumfokea mzazi.