Ua Juu ya Kichuguu cha Jirani

Mwezi uliopita nililala Busia, upande wa Kenya, katika hoteli mpya iliyo nyuma ya maegesho ya malori. Mimi nimelala katika miji mingi, maana miguu yangu haijawahi kukubali kukaa. Nimeuza mitumba Kisumu, nimepika chai Juba, na Mombasa nilikaa miaka miwili nikitafuta sababu ya kuondoka. Sishtuki upesi. Lakini pale mapokezi, juu ya meza ya kioo, palikuwa na chungu cheupe, na ndani yake ua la okidi la zambarau lililofungwa kwenye kijiti kama mtu aliyevunjika mguu.

“Usiguse, anti,” binti wa mapokezi akaniambia. “Hiyo ni ya bosi. Imetoka Nairobi. Tunaipatia vipande vitatu vya barafu kila wiki.”

Barafu! Nilicheka hadi akaniletea maji ya kunywa. Nikamwambia bibi yangu alikuwa nazo kumi na tisa, na hakuna hata moja iliyowahi kuona barafu, wala bibi mwenyewe. Akanitazama kama anavyotazamwa mgeni anayesema mizigo yake inakuja nyuma. Basi nikachukua ufunguo wangu. Ngoja nikusimulie wewe.

Kila likizo mama alinivusha mpaka na kunipeleka Paya, upande wa Uganda, kwa mama yake. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na mabati, yenye baraza la nguzo sita, na kila nguzo ilikuwa na wakazi. Bibi hakujua neno okidi. Aliwaita wapangaji, kwa kuwa walikaa juu ya miti ya watu bila kula chochote cha mwenye mti. Wengine walining'inia katika makopo ya mafuta ya kupikia aliyoyatoboa kwa msumari, wengine aliwafunga kwenye vipande vya magogo kwa kamba za mgomba, na mmoja, mwenye maua madogo ya kijani, aliishi ndani ya buti la mpira la marehemu babu. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuwanywesha. Nilijaza maji mdomoni na kuwapulizia mmoja mmoja, na bibi alisimama nyuma yangu kuhakikisha sijala kitunguu. Jioni yule mweupe aliyetoka msitu wa Busitema alianza kunukia, na harufu yake ikachanganyika na ya simsim, yaani ufuta, iliyokuwa ikikaangwa jikoni. Mpaka leo nikisikia simsim kwenye moto, pua yangu inatafuta ile nyingine.

Kuwatafuta ndiyo kazi niliyoipenda. Wanawake wengine wa Paya walisikia kengele ya kanisa. Bibi alisikia shoka. Mti ukikatwa popote kati ya Paya na Mulanda, sisi tulifika kabla majani hayajanyauka. Wa kwanza kabisa alimkuta kwenye mvule ulioangushwa karibu na senta ya Mulanda. “Mti umelala chini umekufa,” alinieleza mara nyingi, “na yeye anachanua tu, kama mtu ambaye hajapewa habari.” Akambeba, na hakupona tena ugonjwa huo.

Lakini ilikuwa ni aibu, uelewe. Mwanamke wa makamo, kiongozi wa akina mama kanisani, hawezi kuonekana anazunguka vichakani akitafuta ua. Ua haliliwi. Ndiyo maana bibi alikuwa na sheria: mtu mzima hatembei mikono mitupu kufuata ua. Tulikwenda na kikapu, na ndani ya kikapu tuliweka kuni, au mihogo, au mboga. “Ukiulizwa unafuata nini, onyesha kitu kinacholiwa au kinachowaka,” aliniambia. Wapangaji walirudi nyumbani wamefichwa chini ya kuni, na kijiji kizima kilimsifu kwa bidii.

Ni sheria hiyo iliyotutia mashakani.

Kulikuwa na mpangaji mmoja aliyemshinda bibi. Huyu hakukaa mtini. Aliota ardhini, akatoa bua refu kufika kiunoni mwa mtu, lenye maua ya manjano yaliyopangana kama vifaranga kwenye ukuta. Bibi alishamchimba mara mbili katika mbuga, na mara mbili akamfia. Mwaka ule, mvua za kwanza ziliponyesha, akachanua mahali pabaya kuliko pote: ubavuni mwa kichuguu cha jirani.

Kama hukukulia kule, nikueleze. Kwetu unaweza kupita katika shamba la mtu, ukateka maji kisimani kwake, hata ukala pera lake. Kichuguu hukigusi. Kichuguu kinarithiwa kama ng'ombe, kwa sababu ndani yake wanatoka kumbikumbi, na kumbikumbi wakiruka kuna mboga, kuna zawadi kwa wakwe, kuna furaha. Ukikutwa umeegemea tu kichuguu cha mtu, lazima ujieleze.

Na jirani huyu alikuwa askari mstaafu. Yeye kwa kabila Mteso, bibi Mjopadhola. Kila mmoja alimsalimia mwenzake kwa lugha ya mwenzake, vizuri kabisa, lakini wakitaka kugombana walihamia Kiswahili, yeye cha jeshini, bibi cha sokoni. Jirani alikuwa ameshatangaza kwamba hao ndio kumbikumbi wa mwisho. Wakisharuka tu, kichuguu kinavunjwa, udongo unafyatuliwa matofali ya nyumba ya mwanawe. Kwa hiyo ua la bibi lilikuwa na siku zake chache, kama mtu aliyesomewa hukumu.

Bibi alianza kwa njia ya haki. Akaenda kuomba.

“Afande, naomba ile maua iko kwa kichuguu yako.”

“Maua?” Jirani akatua kikombe. “Maua ya nini?”

“Ya kutazama.”

“Mama, mimi nimekaa jeshi miaka mingi. Mtu akiomba kitu kidogo, iko kubwa nyuma yake. Hapana.”

Jumapili iliyofuata tulimwona jirani akipita na baiskeli asubuhi, amechomekea shati, anakwenda Tororo mjini kwa dada yake. Kanisani, katekista alipoanza kuhubiri habari za safina, bibi alinifinya. Tulimjua katekista. Hadi wanyama wote waingie, mvua inyeshe siku zake arobaini na njiwa arudi na jani, sisi tungekuwa tumekwenda na kurudi. Tukatoka, bibi ameshika tumbo.

Alivaa gomesi, gauni lake la kanisani, lile la mabega yaliyosimama, na mshipi mpana kiunoni. Mkononi kijiko. Na ndani ya kikapu, kwa kufuata sheria yake, aliweka kitu kinacholiwa. Unajua aliweka nini? Kumbikumbi. Kikombe kimoja cha kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, alionunua soko la Mulanda. Ndicho kitu kilichokuwa karibu.

Alikuwa amepiga magoti juu ya kichuguu, anachokonoa, mimi namkinga jua kwa kitabu cha nyimbo, tuliposikia baiskeli ikisukumwa. Tairi lilikuwa limepasuka kabla ya Mulanda.

“Wee mama!” Jirani aliitupa baiskeli. “Mimi narudi kwangu, nakuta mama ya kanisa iko juu ya mali yangu! Kikapu iko na nini?”

Akafunua kikapu. Sitasahau uso wake. Hakuwa amekasirika tena. Alikuwa ameridhika, kama mtu aliyepata jibu la fumbo lililomsumbua wiki nzima.

Kesi ilisikilizwa mchana uleule mbele ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji. Watu walitoka kanisani moja kwa moja wakaja, katekista mbele. Kijiko kikawekwa mezani, kikapu kikawekwa mezani. Mwenyekiti, ambaye alikuwa hajala, akaonja kielelezo.

“Hizi zimekaangwa,” akasema.

Nikapumua. Kichuguu cha jirani kilikuwa hakijatoa hata mmoja. Mtu hawezi kuiba kumbikumbi waliokwisha kukaangwa. Lakini mwenyekiti alitafuna taratibu, akafikiri, akasema, “Basi huyu ameiba kwingine, kabla ya leo.” Hapo hapo watu wawili wakasimama nyuma kudai kumbikumbi wao. Mmoja wao hakuwa hata na kichuguu.

“Mimi nilitaka ua,” bibi akasema. “Ile manjano. Nipande kwangu.”

Kicheko kikazuka. Halafu kikafa vibaya, kwa sababu mama mmoja alimnong'oneza mwenziwe, na neno lile nililisikia hata mimi: dawa. Mwanamke mjane, baraza lake limejaa majani yasiyo na udongo, sasa anachimba mzizi mahali pa mtu mwingine wakati watu wanasali. Niliona watu wakianza kusogeleana. Bibi naye aliona. Alinitazama, akautazama mkutano, akakaza mshipi wake.

“Mwenyekiti, nisiwachoshe,” akasema. “Nilikwenda kwa kumbikumbi. Nilitaka kuona kama wako tayari. Uchu tu.”

Ungeona walivyopumua! Uchu wa kumbikumbi kila mtu aliujua. Katekista alitikisa kichwa kwa huzuni ya kirafiki. Mwenyekiti akasema mambo ya kuku wa faini, jirani akakataa kuku. Wanawe hawakuwapo nyumbani, hakuwa na mtu wa kupiga ngoma. Kwetu kumbikumbi wa mchana huitwa kwa ngoma: unalaza gogo juu ya ardhi ya kichuguu, unaligonga kwa vijiti viwili, tititi, tititi, hadi wadhani mvua inanyesha.

“Basi mama apige ngoma pale kwa kichuguu mpaka wadudu watoke,” mwenyekiti akaamua. “Na kijiko ibaki hapa. Twende tukale.”

Bibi aliinamisha kichwa kama mtu aliyeaibika. Lakini alikuwa ameushika mkono wangu, na aliubana hadi vidole vikalia.

Siku nne tulikaa pale juu, kwa amri ya serikali ya kijiji, mita moja kutoka kwenye ua. Kijiko hatukuwa nacho, ila vijiti viwili tulikuwa navyo. Kimoja kiligonga gogo, cha pili kilichimba. Jirani alikuwa ameweka kiti chake kivulini, akitusimamia kwa jicho moja.

“Mama! Mbona ngoma yako inachechemea?”

“Ni uzee, afande!”

Tangu hapo nikawa najazia pigo lililopungua kwa kupiga makofi. Bibi aliimba nyimbo zote za kanisa anazozijua, akazimaliza, akaanza za harusi. Udongo wa kichuguu ni mgumu kama chungu kilichochomwa. Kila jioni alikwenda nyumbani na malengelenge, na kila jioni alikuwa amekata duara kulizunguka ua kwa kina cha kidole kimoja zaidi.

Siku ya nne mvua ilipiga, ikakatika, jua likatoka, na wakaja. Sijui kama umewahi kuwaona wakitoka. Ardhi inachemka. Mabawa yanang'aa hewani hadi huoni mtu aliye mbele yako, na kila mtu anakuwa mtoto. Jirani alitupa kiti. Alitandaza chandarua, akaziba shimo hili, likafunguka lile, akaita, “Mama, shika beseni! Shika hapo!” huku mashavu yamejaa kumbikumbi wabichi wanaomtembea midomoni.

Bibi hakushika beseni. Aliingiza mikono yote miwili chini ya bonge la udongo, akaling'oa na ua lake, akalifunga mgongoni kwa mshipi wa gomesi kama mtoto mchanga. Bua la manjano lilipita juu ya kichwa chake, likiyumba. Halafu akamteremkia jirani usoni kabisa, kwa sababu njia ilikuwa hiyo moja.

Jirani alimwona. Mkono mmoja ulishika chandarua, mwingine uliziba shimo, mguu ulikanyaga ncha yake nyingine. Akiachia kimoja, anapoteza debe zima. Alilitazama ua. Akamtazama bibi. Akatoa sauti puani, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa. Nasi tukapita.

Kesho yake alikuja barazani. Ua lilikuwa limesimama ndani ya karai bovu, karibu na mlango.

“Kumbe ilikuwa maua kweli?” akauliza. “Inafanya nini?”

“Haifanyi kitu.”

Akakaa. Alikaa hadi uji ukaletwa, akanywa, akaomba mwingine. Alipoinuka akasema atakwenda kwa mwenyekiti kunyoosha maneno. Bibi akamwambia akae kimya, kesi ya kumbikumbi alishaitumikia, hana nguvu ya kuanza nyingine.

Lile ua liliishi. Bibi naye aliishi miaka mingi na jina alilolichagua: Mama Kumbikumbi. Akina mama kanisani walifunika vikapu vyao akipita, wakicheka, naye akicheka. Alipofariki nilikuwa mbali kama kawaida yangu, nikafika siku ya mazishi na vumbi la njia. Katekista, mzee sasa, alitumia maisha ya bibi kutufundisha toba. Jirani akasimama katika koti lake la jeshi.

“Yule mama hakuiba kumbikumbi,” akasema. “Aliiba ua yangu.”

Watu walicheka kwa upole, wakamsaidia kuketi. Mzee amechoka, walisema. Alinitafuta kwa macho katika umati, shahidi wake pekee, nami nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Kisha nikamwona yule mama aliyenong'ona neno dawa siku ya kesi, amekaa mstari wa mbele, analia machozi ya kweli. Nikaketi.

Jirani hayupo tena. Nyumba ya matofali ipo, ina mpangaji asiyemjua mtu. Mjomba alibomoa baraza ili ajenge duka, na wale kumi na tisa, pamoja na wa manjano, mbuzi waliwamaliza kwa msimu mmoja. Mimi sikuwa na mahali pa kuwaweka, mtu wa mabegi mawili. Vichuguu vimekwisha, vyote vimekuwa kuta, na watoto wa Paya sasa wanakula kumbikumbi wanaoletwa na pikipiki kutoka mbali.

Lakini waulize watoto hao kuhusu bibi yangu. Watakuonyesha pahali penyewe, palipo tambarare sasa, na jinsi alivyopiga magoti na gomesi lake, anachota kumbikumbi kwa kijiko, anakula akiangalia nyuma. Wanaigiza vizuri sana. Nilipopita huko mara ya mwisho, nilisimama nikawatazama hadi mwisho, nikapiga makofi.