Alasiri Waliyomchukua Dada Suni

Juzi nilimwona jirani akianika ukoko wa wali juani, nikamkumbuka Dada Suni. Alikuwa ametoroka Korea Kaskazini baada ya njaa kumuua mwanawe, akawa ananilea mimi huko Guangzhou, China, mama akihangaika na marobota ya nguo za kupeleka Dar es Salaam. Ukoko wetu aliukausha dirishani na kuuweka akiba. Mimi nilidhani ni wa ndege.

Alasiri ile chumba kilinuka nailoni na tangawizi. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Walikuwa polisi, wanataka pasipoti, na Dada Suni hakuwa nayo. Kabla mama hajafungua kinywa, Dada Suni akajitokeza, akawaambia maneno machache ya Kichina. Wakamtia pingu.

"Kasemaje?" mama akaniuliza, maana Kichina nilikijua kumshinda.

"Kasema yeye hatujui sisi. Eti aliingia kuiba."

Mama alijua kwamba anayemficha mtoro hufukuzwa nchini, na mtoro mwenyewe hurudishwa kwao kufungwa. Mimi sikujua. Dada Suni alishuka ngazi bila kugeuka, wala hatukumwona tena.

Mama akaketi juu ya marobota, akalia kwa kwikwi. Nikamshika bega.

"Usilie, mama," nikamwambia. "Nimeangalia. Hajachukua kitu chetu."