Ngumbaru Aliyesomea Nje ya Dirisha

Mimi si mtu wa kuandika vitabu. Nilizaliwa upande wa Butiama, nikasoma mpaka darasa la nne, basi. Wenzangu wachache walipata nafasi ya kuendelea, mimi sikupata, na siwezi kusema nilionewa, maana walinizidi hesabu kweli. Nikabatizwa, nikaolewa kwa watu wa Guta, karibu na Bunda, na hatukukaa sana tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari kama mabenchi ya kanisani. Ninayoandika hapa ni ya siku zile. Kama nimekosea mahali, wa nyumbani watanisamehe, maana walikuwepo.

Ilitangazwa kwamba kila mtu mzima asome. Ngumbaru, ndivyo tulivyowaita wanafunzi wa namna hiyo. Sasa nani afundishe? Mwalimu wa shule alikuwa mmoja na watoto wamejaa mpaka mlangoni. Katibu wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani anajua kusoma, na mume wangu, aliyekuwa kibarua kwenye kinu cha pamba, akasema, "Huyu wangu anajua." Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikaenda semina Musoma, tukafundishwa kushika chaki na kumsahihisha mtu mzima bila kumwaibisha, tukala samaki wa sato kila siku, na kusema ukweli nilirudi nimenenepa na nimefurahi, ila woga nilirudi nao ule ule.

Darasa lilikuwa ndani ya kanisa letu la matofali ya udongo, saa kumi, watu wakitoka mashamba ya pamba. Walikuja Wakristo, walikuja wa dini ya mababu, hata Waislamu wawili wa dukani walikuja wakakaa bila neno. Siku ya kwanza nimeandika herufi ubaoni, nikageuka niwatazame wanafunzi wangu, nikamwona baba mkwe anaingia.

Kwetu na kwao desturi hii ni moja. Mke wa mwana na baba mkwe hawakai mahali pamoja wakatazamana. Humpi mkono. Ukimwona njiani unapisha kwenye majani. Chakula chake unampa mama mkwe, mama mkwe ndiye anampelekea. Kwa hiyo miguu yangu haikuniuliza. Nilitokea mlango wa nyuma na chaki mkononi, na baba mkwe, aliponiona, naye akageuka akatokea mlango wa mbele.

"Mwalimu katoroka!" nikasikia mtu anasema ndani.

"Na mwanafunzi pia," mwingine akajibu. "Tumebaki na ubao."

Walicheka mpaka nikawasikia nikiwa mbali kwenye mihogo.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini baba mkwe hakuwa mtu wa kuacha. Alikuwa mzee wa ng'ombe, maisha yake yote alifuata mila za baba zake, na miaka ya karibuni alikuwa amekubali kufundishwa ubatizo. Mchungaji, aliyekuwa akija kutoka Bunda kwa baiskeli, alitaka kumbatiza mapema. Mzee mwenyewe ndiye aliyekataa. Alisema hatabatizwa mpaka asome Neno kwa macho yake, mbele ya watu.

"Si lazima, mzee," mchungaji alimwambia. "Kusikia kunatosha."

"Mnadani nasikiaga ng'ombe wakisifiwa sana," baba mkwe akasema. "Lakini nanunuaga kwa macho."

Wengine waliona ni kiburi. Mimi sikuona hivyo, ingawa labda nilimpendelea kwa kuwa ni mzee wetu. Niliona ni mtu anayetaka kuingia akijua anaingia wapi.

Aliyetupatia njia ni mama mkwe. Naye alikuwa ngumbaru, tena wa mstari wa mbele, na mwenye mdomo.

"Mnasumbuka nini?" alisema akiwa anachambua dagaa. "Nje si ndani. Yeye akae nje ya dirisha, wewe ndani. Hapo mko mahali pamoja?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Ikawa hivyo. Kila jioni baba mkwe alikuja na kigoda chake, akakaa nje chini ya dirisha, mgongo ukutani, kitabu cha kisomo magotini. Mimi ninasoma ndani, darasa linaitikia, na darasa likishamaliza sauti yake nzito inakuja kutoka ukutani. Watu wakamwita Redio. "Leo Redio imewahi," walisema. Akikohoa, mtu anasema, "Inatafuta stesheni." Naye anajibu kutoka nje, "Endeleeni, nawasikia."

Na alikuwa hodari! Kitabu chenyewe kilikuwa cha mambo ya pamba: panda kwa mistari, palilia mapema, nyunyiza dawa. Nikisema, "Ukurasa wa kupalilia, nani atasoma?" wa ndani wanainamisha vichwa, na ukuta unasoma ukurasa mzima bila kupumzika. Mratibu wa elimu alipokuja kutukagua alishangaa. Nami, nitasema ukweli, nilimshukuru Mungu kwa maombi marefu, na ndani ya maombi hayo nilijisifu kidogo.

Pasaka ilikuwa inakaribia, na ubatizo wa baba mkwe ulikuwa umekwisha kupangwa siku hiyo. Jioni moja mama mkwe alichelewa, akapitia upande wa dirisha. Akaingia, hakukaa, akanijia mpaka ubaoni na kuninong'oneza.

"Mwanangu, mzee anasoma kupalilia."

"Ndiyo, mama, anasoma vizuri."

"Lakini kitabu kimefunguliwa kwenye picha ya bomba la dawa."

"Labda amefunua mapema."

"Na bomba lenyewe," akasema, "limesimama kichwa chini."

Sikujua nicheke au nilie. Nilielewa mara moja. Mzee alikuwa ameshika kitabu kizima kwa masikio. Wengine wote niliwashika kidole nikakiweka chini ya herufi, ila yeye. Yeye sikuwahi hata kuona ameshikaje kitabu, maana desturi ilikataa nimtazame. Wala hakuwa anadanganya, naomba hilo lieleweke. Alidhani kusoma ndiko huko: unafungua kitabu, unatulia, maneno yanakuja. Kwake yalikuwa yanakuja.

Mama mkwe alimwambia usiku ule ule wakiwa wawili. Sijui walivyosemezana. Ninachojua ni kwamba kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Alikwenda na ng'ombe mbali, akarudi jua limezama, akatuma neno kwa mchungaji kwamba ubatizo uahirishwe. Kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua mwaka ule, na mama mkwe alipoleta habari hiyo jikoni hakufanya utani wowote. "Anasema mwaka ujao," aliniambia. "Mwaka ujao ni wa nani?"

Siku zile nilijitazama sana. Mimi nilipofundishwa ubatizo kule Butiama nilijibu maswali yote kama maji, mzee wa kanisa akanisifu mbele ya wenzangu. Sasa nikajiuliza: nilikuwa nasoma, au na mimi nilikuwa nje ya dirisha? Nikafungua Injili, nikaweka kidole chini ya neno, nikaenda polepole kama ngumbaru. Nikakuta mambo ambayo nilikuwa nayapita kila siku bila kuyaona, mengine yakinihusu, tena si kwa sifa. Sisemi kwamba nilikuwa mtu mpya. Mpaka leo nina haraka na nina hasira za jikoni. Lakini tangu hapo nimekuwa nikisoma, na kabla ya hapo sina uhakika.

Jioni moja mama mkwe akatandika mkeka barazani, akaketi katikati, akaniita. Baba mkwe alikuwa tayari amekaa upande wake wa kushoto, anatazama zizi.

"Wewe kaa nyuma yangu," mama akaniambia. "Nong'ona, mimi nitaweka kidole."

"Mama, lakini desturi..."

"Kwani unamwona?"

Nikakaa. Kwa kweli sikumwona. Mama mkwe alikuwa mama mwenye mwili, Mungu alimjalia.

"Mimi ndiyo ukuta," akasema. "Kumbe unene huu ulikuwa na kazi yake."

Nikasikia baba mkwe anacheka upande wa pili, kicheko cha puani. Ndipo nikajua amekubali.

Kitabu cha pamba hatukukitumia tena, maana alikuwa anakijua chote. Tulitumia chochote kingine. Nilinong'ona, mama akaelekeza kidole, mzee akasema, na akikosea mama hakunisubiri, "Hapana! Tazama tena, hiyo ina mkia." Nilimfundisha mama mambo mengi ya kutomwaibisha mtu mzima. Hakuyafuata. Na mzee, cha kushangaza, alipenda hivyo. Alifoka, akatazama tena.

Halafu ikaja jioni ya pakiti. Ilikuwa pakiti tupu iliyotoka dukani kule Manyamanyama, mama akaiweka mbele yake. Alikaa nayo mpaka ugali ukakaribia kuungua.

"Chu," akasema. "Chu... mvi." Kidole cha mama kikarudi mwanzo. "Chumvi. Chumvi! Mama, hii imeandikwa chumvi!"

"Sasa ulitaka iandikwe nini, na ni pakiti ya chumvi?"

Lakini sauti yake mama ilikuwa inatetemeka, na mimi nyuma ya mgongo wake nilikuwa nimefunika uso kwa khanga.

Baada ya hapo hakushikika. Alisoma mlango wa duka la ushirika. Alisoma gunia. Alimsimamisha kijana njiani akasoma fulana yake, kijana akadhani ana makosa. Akatuma neno tena kwa mchungaji: Pasaka hii hii.

Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama nje. Nilikaa upande wa akina mama, nyuma kabisa. Mbele yangu jirani mmoja akamwambia mwenzake, "Amekariri huyo. Si ndiye Redio?" Sikumchukia, maana kulikuwa na wakati ambapo angekuwa amesema kweli. Lakini kama mzee akishindwa pale mbele, nilijua hatarudi, si Pasaka ile wala nyingine.

Mchungaji alimfungulia Injili mahali alipopachagua mchungaji mwenyewe asubuhi ile bila kumwambia mzee, habari ya wanafunzi wa Yesu wanavuka ziwa kwa chombo. Akamwonyesha mistari michache, mwanzo na mwisho. Baba mkwe akasimama, akaweka kidole, akaanza. Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, anasimama, jiwe la pili. Watoto waliacha kuchezacheza. Akafika kwenye dhoruba, akakwama.

"Dho," akasema. Kidole kikabaki pale pale.

Neno lote lilikuwa mdomoni mwangu. Mama mkwe aligeuka akanitazama kwa macho makali: nyamaza. Nikauma ncha ya khanga. Niliomba, na sala yenyewe haikuwa na adabu, nilisema tu, Bwana, fanya haraka.

"Dho... ru... ba," akasema. "Dhoruba!" Na akaenda mpaka mwisho wa mistari yake, pale ambapo upepo umekuwa mkali na maji yanaingia chomboni.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji akanyoosha mkono achukue kitabu.

"Amina, mzee wangu. Inatosha."

Baba mkwe hakumpa. "Haitoshi," akasema. "Hawa watu bado wako majini."

Kanisa lote likaangua kicheko, jirani yangu yule akacheka kuliko wote.

"Lakini habari hii unaijua, mzee," mchungaji akasema, naye anacheka. "Si nimeihubiri hapa hapa?"

"Umehubiri, nimesikia. Umesema walivuka." Akalamba kidole. "Mimi sijawaona bado."

Mchungaji akatazama jua mlangoni. Akatutazama sisi. Kisha akaja akaketi kwenye benchi pamoja na wengine, na baba mkwe akafunua ukurasa, akaanza kuwavusha, silabi kwa silabi.