Mpaka wa Mto Humber

Ukimtaja Mama Kirimi wa Weston mbele ya Wakenya wanaosali pamoja magharibi mwa Toronto, hujamaliza hata sentensi mtu atakuuliza, "Yule wa daftari?" Ndiye huyo. Jina lake la kuzaliwa ni Gakii, na daftari lenyewe ni jeusi, la jalada gumu, lenye utepe mwekundu mgongoni. Alilinunua mwaka ule kanisa lilipogawanywa mitaa, naye akapewa mtaa wa Weston auongoze. Humo aliandika kila mtu wake: nani amezaliwa, nani amebatizwa, nani amehama, nani amelazwa. Aliishia darasa la saba, lakini herufi zake zilisimama wima kama askari wa gwaride.

Kazi hiyo, alipenda kusema, iko damuni. Baba yake alikuwa naibu wa chifu kule Meru, mwenye kata ndogo moja kati ya mito miwili. Asubuhi watu walikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mabati, huyu anataka barua ya kitambulisho, yule ameleta habari ya kifo. Baba aliuliza swali moja hata kabla salamu haijapoa: "Wewe ni wa ng'ambo gani ya mto?" Ukiwa wa ng'ambo ile, hata kama mbuzi wako na wake wanakunywa maji pamoja, barua hupati. "Nenda kwa chifu wako." Gakii, akiwa mtoto wa kupeleka chai ofisini, alidhani haki ndiyo hiyo.

Toronto nako Mungu akampa mto. Humber unapita chini ya jengo kuukuu analokaa, na kutoka orofa ya tisa anauona wote, na daraja, na majengo ya upande wa pili. Mchungaji alipogawa mitaa aliufanya mto huo kuwa mpaka. Upande huu Gakii, upande ule Bwana Ndegwa. Mwanzoni watu walichanganya mambo. Palitokea msiba mmoja, mitaa yote miwili ikafika na masufuria ya pilau saa ile ile, wakanuniana mlangoni nani aingie kwanza, mpaka mfiwa mwenyewe, macho yamevimba, akatoka kuwaamua. Mchungaji alikasirika sana. "Kila mtu kwa mtaa wake!" akasema. Gakii akayaandika maneno hayo ukurasa wa kwanza, akayapigia mstari kwa rula.

Basi siku moja ya Februari, theluji imeshika kweli kweli, simu yake ililia.

"Mama Kirimi, shikamoo. Ni Kemunto. Tulionana Krismasi, ile siku ya chapati."

"Marahaba, binti yangu. Habari za huko?"

"Nimejifungua, mama. Msichana. Leo ni siku ya tatu."

Gakii alipiga vigelegele hapo hapo jikoni, na vilitoka moyoni, asisingiziwe. Kwa desturi yao, mama akijifungua wanawake wa mtaa huja zamu kwa zamu na chupa za uji wa wimbi, wanafua, wanapika, wanamshika mtoto ili mama alale. Aliye mbali na mama mzazi hupewa mama kumi.

"Na baba mtoto?"

"Bado yuko Kisii, anangoja karatasi. Niko peke yangu."

Gakii alikuwa ameshafungua daftari, kalamu mkononi. "Unakaa wapi, mwanangu?"

Kemunto akamtajia. Ilikuwa ng'ambo ya mto. Kalamu ikasimama.

"Aa. Basi wewe si wa Weston, mama. Wewe ni wa Bwana Ndegwa. Ngoja nikupe namba yake."

Msichana akasema kwa sauti ya aibu, sauti ya mtu asiyezoea kuomba, "Lakini mama, hapa dirishani naona taa za jengo lenu."

"Kuona si hoja, binti yangu. Nikija huko nitakuwa nimemwingilia mwenzangu. Chukua namba."

Akampa. Tena, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akampigia Ndegwa mwenyewe.

"Mama Kirimi," akasema Ndegwa, "huyo binti Krismasi alisali wapi?"

"Kwetu. Lakini analala kwako!"

"Kulala ni kulala tu. Aliyekula chapati zenu ni wenu. Mimi hata sura yake siijui."

"Wewe Ndegwa, wewe! Unataka kunibebesha?"

"Mzigo wa wimbi si mzito, mama."

Wakacheka. Kila mmoja akakata simu akijua mwenzake atakwenda. Zikapita wiki tatu.

Gakii huhudumia wazee majumbani, na siku tatu kwa wiki huenda kwa Mzee Alban, Mhindi wa Goa aliyezaliwa Mombasa, aliyefiwa na mkewe Luiza. Mzee huyo alikuwa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya enzi za Waingereza, na Kiswahili chake bado kina chumvi ya Mombasa. Siku hiyo Gakii alimwekea chai, akaweka na daftari mezani, maana Jumapili ilikuwa siku ya kusoma ripoti za mitaa na alitaka kunakili vizuri. Mzee akaligusa kwa kidole.

"Daftari lako hili, Gakii, lanikumbusha rejista za parokia."

"Za kanisani kwenu?"

"Za kanisani na za serikali. Babako alikuwa naibu wa chifu, sivyo? Basi kata yake na parokia ni binamu. Hujui?"

Gakii hakujua. Mzee akafurahi, kwani hakuna kitu kilichompendeza kama mtu asiyejua. Akamweleza kuwa Uingereza ya zamani parokia ilikuwa eneo la padri mmoja na kondoo wake, basi. Halafu watawala wakaona, mbona watu hawa wameshagawanywa tayari? Wakaipa parokia kazi za serikali: tengenezeni barabara zenu, lisheni maskini wenu.

"Wenu," akarudia mzee, akiinua kidole. "Lisikie neno hilo. Baadaye sana, kama miaka mia na hamsini hivi iliyopita, ndipo wakazitenga. Padri akabaki na parokia yake ya sala, na raia wakawa na parokia yao ya serikali, yenye mpaka na baraza lake. Waingereza wakaenda nayo. Uganda hadi leo ipo, waiita muruka. Hata Kanada hii, kule New Brunswick, waligawanya nchi kwa parokia. Sisi Kenya tukaletewa lokesheni, eneo la chifu, na kata ndogo. Jina jingine, tabia ile ile."

"Na mipaka waliijuaje, mzee, kabla ya ramani?"

"Kwa miguu! Kila mwaka wazee na watoto waliuzunguka mpaka wote, wakipiga mawe kwa fimbo. Na mtoto mmojawapo hupigwa kidogo pale jiweni, ili akiwa mzee asisahau pahala penyewe."

Gakii alicheka hadi akashika ubavu. "Baba angewapenda hao!"

"Ngoja sasa. Palikuwa na uovu wake. Mtoto akizaliwa ndani ya parokia, huenda akawa mzigo wao maisha yote. Basi wakimwona mwanamke maskini, mja mzito, asiye wao, wafanyaje? Wampakia mkokoteni, wamvusha mpaka, azalie kwa wenziwao. Nao wenziwao wakimwona, wamrudisha. Mwanamke huku na kule, huku na kule, kama mpira."

Gakii alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu likamgandia usoni.

"Hao watu," akauliza taratibu, "walikuwa Wakristo?"

"Sana! Waliomsukuma ndio wale wale wazee wa kanisa. Wenye daftari." Mzee akapuliza chai yake. "Na mto wenu huu nao ulikuwa mpaka. Huku York, kule Etobicoke, kila upande na baraza lake. Mwaka wa tisini na nane serikali ikaunganisha yote, Toronto moja. Mpaka umeshakufa, mama. Mbona hunywi chai?"

Hakuinywa. Alivaa koti, akaingia bafuni kwa Mzee Alban, akafungua maji ya bomba yalie, akakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Hakuweza hata kusali. Alijaribu kusema "Bwana," akasikia sauti ya Kemunto, naona taa za jengo lenu, akafunga bomba.

Kesho yake alikoroga uji wa wimbi, unga aliokuwa ameuficha tangu shemeji yake alipouleta kwa sanduku, akaujaza kwenye chupa kubwa na kuvuka daraja. Alitazama saa. Dakika kumi na moja, pamoja na barafu.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke asiyemjua, mwenye shela ya kijani na mtoto begani. Huyo alikuwa Samina, jirani, Mpakistani wa mlango unaotazamana na ule wa Kemunto. Alimtazama Gakii, akaitazama chupa, akampisha kwa upole.

Kemunto alikuwa kitandani, mashavu yamebonyea. Akamtazama mgeni wake.

"Karibu, mama," akasema. "Kwani leo mto umekauka?"

Msichana mwenyewe akaona haya kwa kusema vile, maana alilelewa vizuri, akaanza kumwomba mama akae, mama apumzike, pole na baridi. Ukarimu huo ulimchoma Gakii kuliko neno la kwanza. Akataka kuosha vyombo; vilikuwa vimeoshwa. Akataka kufua, nguo za mtoto zilikuwa zimekunjwa kwenye kikapu, ndogo ndogo, safi. Jikoni sufuria ya wali wa dengu ilikuwa inafuka mvuke.

Habari aliipata vipande vipande. Siku ya nane Kemunto alishikwa na homa kali, akaupiga mlango wake kwa kiatu. Samina ndiye aliyesikia. Samina ndiye aliyepanda naye gari la wagonjwa, akamshikia mtoto siku mbili hospitalini, na tangu hapo hajaacha kupika.

"Hatuelewani hata lugha sana," Kemunto akasema. "Kiingereza chake kidogo, changu nusu. Lakini alikuja."

Alikunywa kikombe kimoja cha uji, cha heshima, akakiweka chini. Gakii akapiga magoti kando ya kitanda, yeye wa miaka hamsini na mitano mbele ya binti wa ishirini na sita.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilikuona kwenye ramani, sikukuona wewe. Nisamehe."

"Inuka, mama. Usinifanyie hivyo."

"Basi nikubalie nimwandike mtoto. Weston. Kwangu." Daftari lilikuwa mkobani.

Kemunto akafikiri, akimtazama Samina aliyekuwa akimtikisa mtoto pale dirishani, na nyuma yake, ng'ambo, jengo la Gakii.

"Hapana, mama. Sisemi kwa hasira. Huyu ameshapata mtaa wake, ni mlango ule pale. Kama daftari lina mtaa huo, mwandike."

Na jina la mtoto hakulitaja. Gakii hakuthubutu kuliuliza.

Jumapili ilipofika mchungaji akawaita viongozi, akaanza na Weston kama kawaida, "kwa sababu tunajua kule mambo hukaa kwenye mstari." Watu wakapiga makofi. Gakii akasimama na daftari. Angeweza kuiruka habari ya Kemunto. Mtoto hakuwa wake kwa kanuni, na nani angejua? Ndegwa alikaa safu ya pili, akitazama viatu vyake.

"Mtoto mmoja amezaliwa, wa kike," akasoma. "Jina lake silijui. Mama yake aliniita siku ya tatu, sikwenda. Aliugua, sikujua. Alilishwa na jirani Mwislamu, mwenye huruma kunizidi."

Mchungaji akainama kwenye karatasi yake, akapekua.

"Mama Kirimi, huyo si wa ng'ambo?"

"Ndivyo nilivyosema mimi pia, mchungaji."

Akakaa. Akalilaza daftari mapajani.

Siku hizi kila Alhamisi huvuka daraja na chupa ya uji. Mara nyingine hukaribishwa ndani, mara nyingine Samina huipokea mlangoni kwa kuwa mtoto amelala, naye Gakii hushukuru na kurudi. Katika ukurasa wa Februari kuna mstari mmoja wenye tarehe bila jina. Hajaujaza. Anangoja aambiwe, na asipoambiwa, hatadai.