Nilihangaika kutafuta watumiaji wa programming language yangu hapa Gisenyi, fundi cherehani akanionyesha kazi

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenikuta mwenyewe, chumvi sijaongeza. Mke wangu yupo hapa pembeni anasoma.

Nilikulia Kagera, wazee wakarudi Rwanda, nikaja na Kiswahili changu na ugonjwa wa code. Miaka miwili nimetengeneza programming language ya maneno ya Kiswahili. Open source, yaani bure, na yeyote anaruhusiwa kuirekebisha.

Watumiaji: sifuri.

Samahani, wanne. Watatu ni akaunti zangu, wa nne dada yangu aliyedhani ni game.

Mke wangu akaweka sharti: mwezi ukiisha bila developer wa nje kuigusa, nikauze saruji dukani kwa mjomba wake. Wakuu, yule mjomba namwogopa.

Nikabandika stika mpaka kwenye helmeti za madereva wa moto, yaani bodaboda. Kimya.

Ndipo nikampa laptop yangu ya zamani Mama Zuhura, fundi cherehani jirani yetu, mwenye oda ya uniform za shule. Nikamwandikia programu ya kukadiria kitambaa. Kesho yake kanijia amekunja uso:

"Bon, hii machine yako haina adabu. Inaniambia nimekosa, na haijanisalimia hata! Mi ni mutoto yake?"

Nilicheka, ila ana hoja. Huku humkosoi mtu mzima kabla ya salamu. Nikarekebisha, sasa kila error inaanza na "Habari mama, za nyumbani?"

Nikaenda Kigali kugawa stika kwa developers. Walizipokea vizuri sana, basi.

Huku nyuma, programu ikaanza kuhesabu mikono mitatu kwa kila shati. Loop ya language yangu, ile sehemu ya kurudiarudia hesabu, ilikuwa inazidisha raundi moja (aibu yangu).

Mama Zuhura hakunipigia. Alikuwa na mteja, Patrick, developer wa Goma, aliyefuata suti ya harusi ya dada yake.

"Suti iko tayari, iko pale juu. Lakini tengeneza kwanza hii kitu. Inahesabia mutu mikono tatu!"

Mnawajua mafundi. Ukibishana, suti inakuwa ya wiki ijayo. Patrick akakaa kwenye benchi masaa matatu, akaingia kwenye code, akanitumia marekebisho.

Notification ilinikuta mgahawani Kigali, nikapiga kelele. Niliporudi na kusikia kisa chote, nikanywea. Mke wangu akasema mateka hahesabiki.

Harusi ikapita. Siku ya mwisho ya mwezi, nikiwa nimeshaanza kukariri aina za saruji, likaingia rekebisho lingine la Patrick. Suti anayo, hakuna anayemdai kitu. Kaandika tu: "Iko kitu ingine niliona, ilinikatalia kulala."

Nililia wakuu. Mtu mzima, mbele ya mke.

Nilichojifunza: achaneni na stika. Mpe chombo chako mtu mmoja mwenye kazi ya kweli na hasira za kutosha, atakutafutia wengine mwenyewe.

Wenye project zenu, yule wa kwanza mlimpataje? Semeni ukweli, hata kama mlimfungia mlango.