Waya Kwenye Kabureta ya Anti Wambui

Mwanangu, kabla uondoke na hiyo pikipiki yako, kuna siku moja naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na tafadhali hiyo isifike kwa mama watoto. Ni siku niliua pikipiki nikijaribu kuifunza kula kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, tunaishi Kinoo. Shule nilikuwa nimeachia Form Two. Sikufukuzwa, mimi na hesabu tulikaa chini kama watu wazima tukaachana kwa amani. Nikaingia kazi ya mjengo, nikabeba mawe mpaka mgongo ikaanza kunijibu. Anti Wambui, dadake baba, akanionea huruma. Bwanake alikuwa ameaga dunia na kuacha pikipiki mzee, ile alikuwa anapelekea watu maziwa. Ilikuwa imekaa mwaka mzima kwa nyumba ya ng'ombe, imefunikwa gunia.

Akanipatia kifunguo, akaniambia, "Kamau, hii ndiyo kitu ya mwisho ya anko wako bado inatembea. Fanya nayo kazi. Lakini ukiniharibia, wewe unarudi kwa mawe. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Anti."

Mtu wa miaka hiyo huelewa haraka sana, mwanangu. Shida ni kwamba huwa hajasikia.

Nikaanza kubeba watu, steji yangu ikawa Hurlingham. Pikipiki ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa inakunywa petroli kama mgeni wa harusi. Wenzangu walikuwa na pikipiki mpya na mdomo mpya.

"Kamau," Otieno alikuwa akiniambia mbele ya kastoma, "hiyo kitu yako ikiona petroli stesheni si inageuza kichwa yenyewe?"

Huyo Otieno ndiye alinifunza ujanja wa waya. Ndani ya kabureta kuna kitu ndogo inaitwa jeti, ina katundu kembamba, na petroli yote ya injini hupitia hapo. Basi unachukua waya ya stima, hii ya umeme, unatoa uzi moja tu, unaingiza kwa hako katundu. Tundu inakuwa ndogo, petroli inapita kidogo. Kwisha. Nilifanya hiyo operesheni nyuma ya kibanda cha chapati, na bisibisi ya kuazima.

Na ikafanya kazi! Wiki mbili nilikuwa profesa. Tangi nilikuwa najaza kila siku, sasa nasahau. Niliongea mpaka watu wa steji wakanikimbia. Ni kweli asubuhi ilikuwa inakohoa kabla iwake. Ni kweli injini ilikuwa inapata moto mpaka suruali ikaungua hapa kwa goti. Nikasema ni uzee. Pikipiki haina mdomo, kwa hivyo hiyo mjadala nilishinda.

Sasa, Alhamisi moja asubuhi nikabeba mama mmoja kutoka Kileleshwa, anaenda Kinoo. Tumepita Kangemi, tunapanda, injini ikalia kama sufuria imeanguka, tairi ya nyuma ikashika. Tuliyumba mpaka kando ya barabara. Mungu ni mkubwa, hatukuanguka.

"Kijana, mbona tumesimama?"

"Mama, imepumzika kidogo."

"Basi ikiamka uisalimie." Akanirudishia helmeti yangu, akaenda zake.

Nikatoa gia, nikasukuma hiyo pikipiki mpaka Kinoo, kwa Mzee Wafula. Huyo ndiye alikuwa fundi wa anko tangu zamani. Aliniona nikitoka mbali na hakusimama kwa stuli yake. Nilipofika alitoa plagi, ile inawasha moto ndani ya injini, akaishika juu kwa mwanga. Ilikuwa nyeupe kama chaki.

"Plagi ikiwa nyeusi, injini inakunywa sana," akasema. "Ikiwa rangi ya chai, iko sawa. Hii yako ilikuwa inakufa njaa, na injini ikiwa na njaa huungua ndani."

Akafungua kabureta. Ule uzi wa waya ukaanguka kwa mkono wake.

"Na hii?"

"Mzee, labda ilikuja na petroli."

"Petroli ya Hurlingham siku hizi inakuja na stima?"

Akaniambia, "Isukume mpaka pale kwa mama mboga."

"Mzee, nimeisukuma kutoka Kangemi!"

"Si ndiyo umezoea."

Nikasukuma. Hapo barabara ni tambarare, lakini nilifika na jasho. Nikairudisha, Mzee akalegeza nati ya breki ya nyuma, akajaza tairi upepo, akapaka cheni oili. "Sukuma tena." Nikashika kwa nguvu ile ya kwanza, pikipiki ikanitoka mbio, kidogo iingie kwa nyanya za watu. Mama mboga alinitusi kwa lugha mbili.

Mzee alikuwa bado. Akafungua pale hewa inachujwa, akatoa nyasi mkono mzima. Panya walikuwa wamejenga humo wakati pikipiki ilikuwa kwa ng'ombe.

"Umeona?" akasema, na hakuwa anacheka. "Haikuwa mlafi. Ilikuwa inavuta breki siku nzima na pua imezibwa. Wewe hukuuliza inachoka na nini. Ulikata chakula tu." Akapanguza mikono. "Sasa pistoni imekwisha. Na mimi sigusi hapo ndani mpaka Wambui ajue, na ajue kutoka kwako."

Njiani nilitunga uongo tatu, mwanangu, na ile ya petroli chafu ilikuwa tamu sana. Nilimpata Anti akikatia ng'ombe majani. Akaniangalia hiyo suruali imeungua, na zote tatu zikapotea. Nikamwambia ukweli: waya, Otieno, panya, kila kitu.

Hakupiga kelele. Alimaliza kukata majani. "Umesema mwenyewe, hiyo nimeona," akasema. "Kesho uko kwa mawe. Pistoni utalipa wewe."

Nikabeba mawe miezi nne. Siku Mzee Wafula aliweka pistoni mpya, aliiacha kwanza injini ipate moto, ndiyo akashika skrubu ya kabureta, anageuza polepole huku ameinamisha sikio, mpaka mlio ukatulia. Nikaendesha hiyo pikipiki miaka sita. Haikunywa hata nusu ya zamani.

Kwa hivyo nasaha yangu ni hii. Kila asubuhi kabla uwashe, isukume kwa mkono hatua kumi. Ikiwa nzito, tafuta nini inaishika: breki, upepo, cheni. Safisha pale inapumulia. Angalia plagi. Kabureta ndiyo ya mwisho. Na kwa nyumba yako fanya vivyo hivyo: mtu wako akionekana anakula sana, analala sana, anachoka sana, kwanza jua amebeba nini. Na ukiharibu kitu ya mtu, mwendee wewe mwenyewe, kabla fundi aende.

Enda salama, mwanangu. Mungu akupe barabara kavu na kastoma wenye subira, injini yako iwake mara ya kwanza, na breki zikushike pale tu umetaka kusimama.